XRF ya mkononi kwenye mchoro: jinsi ya kupima rangi na kufuatilia zilikotoka

Maswali ya wanaoanza ni yaleyale. Mashine imeandika risasi asilimia 62, je, mchoro ni wa kale? Imeonyesha titani, je, ni feki? Inaweza kusema kama nyekundu hii ilitoka Hispania au China? Mwongozo huu ni kwa mwenye mashine ya XRF (inayotambua elementi kwa eksirei) ya kushika mkononi, ile yenye umbo la drili, na mchoro wa rangi ya mafuta juu ya kanvasi au ubao.

Ni aina ileile ya mashine wanayopimia dhahabu kwenye masoko ya madini, na matatizo mengi yanaanzia hapo hapo. Mtu anaichukua ikiwa bado imepangwa kwa ajili ya dhahabu, anaielekeza kwenye rangi, kisha anaamini asilimia zinazotokea kwenye skrini. Asilimia zile zimekokotolewa kana kwamba mbele ya mashine kuna kipande kinene cha chuma, chenye mchanganyiko mmoja toka juu hadi chini. Mchoro ni matabaka: vanishi, rangi, rangi nyingine chini yake, praima (tabaka linalopakwa kitambaani kabla ya rangi), kitambaa. Hizo asilimia zipuuze kabisa. Kazi yako yote iko kwenye spektra, yaani grafu ya vilele ambayo mashine huchora.

Nadharia inayotosha ni hii. Mashine hurusha eksirei, atomu za rangi hujibu kwa eksirei zenye nishati zao maalumu, na detekta huzihesabu na kuchora vilele. Zebaki (Hg) ina kilele kwenye 9.99 keV (kipimo cha nishati ya eksirei), shaba (Cu) 8.05, chuma (Fe) 6.40, popote pale duniani. Unachopata ni orodha ya elementi. Jina la pigmenti (unga unaoipa rangi rangi yake) unalihitimisha mwenyewe kwa kuunganisha elementi na rangi unayoiona kwa macho. Umri unatokana na pigmenti. Mahali ilikotoka ni hatua ya mwisho kabisa, na mara nyingi XRF peke yake haifiki huko.

Andaa kwanza

- Mashine inayokuruhusu kuona na kuhifadhi spektra yenyewe, yenye uwezo wa kufika kV 40 (volteji ya mrija unaotoa eksirei) na zaidi (50 ni bora). Ikiwa inatoa jedwali la asilimia tu, haifai kwa kazi hii.
- Stendi imara ya miguu mitatu. Mkono mtupu hutikisika, na sekunde 120 ni ndefu.
- Kipande safi cha akriliki au teflon kwa ajili ya kipimo kitupu.
- Sampuli za kulinganisha: nyeupe ya risasi, nyeupe ya zinki, nyeupe ya titani, nyekundu ya zebaki, udongo wa njano na buluu ya kobalti. Zipake mwenyewe juu ya kadi, kila moja peke yake, uziache zikauke. Rangi za risasi na zebaki ni sumu: vaa glavu, usisage unga mkavu.
- Taa ya UV ya nanomita 365, kioo cha kukuzia, rula na kamera.
- Kibali cha kutumia chanzo cha mionzi na beji ya kupimia mionzi. Tanzania kibali hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC); Kenya ni mamlaka ya nyuklia, KNRA. Kuazima mashine ya mwenye kibali hakukupi wewe kibali.

Hatua

1. Andika swali moja linalojibika. "Mchoro huu ni halisi?" hilo si swali la mashine. "Je, nyeupe iliyomo kwenye mawingu ingeweza kuwepo 1880?" hilo linajibika. Swali ndilo litakaloamua upime wapi, kwa hiyo liandike juu ya karatasi kabla hujawasha kitu.

2. Panga chumba. Eksirei hupita kwenye kanvasi kama mwanga upitavyo kwenye chandarua. Mchoro ukiwa wima, asiwepo mtu nyuma yake, na nyuma ya pointi unayopima iwe hewa tupu kwa angalau sentimita 30. Ukiulaza juu ya meza yenye bati au misumari, utapima meza. Usishike kitu kwa vidole mbele ya pua ya mashine, hata kwa sekunde moja.

3. Tazama kabla ya kupima. Zima taa za chumba, washa UV. Vanishi ya zamani ya utomvu hung'aa kijanikijani. Viraka, yaani sehemu alizopaka fundi wa baadaye, huonekana kama madoa meusi juu ya mng'ao huo. Piga picha, kisha chora mipaka ya viraka juu ya picha iliyochapishwa. Hatua hii huchukua nusu saa na ndiyo inayoepusha kosa kubwa kuliko yote: kupima kiraka cha juzi na kutangaza kwamba mchoro mzima ni bandia.

4. Pima utupu, kisha pima sampuli zako. Weka akriliki au teflon mbele ya mashine, pima sekunde 120 kwa mpangilio uleule utakaoutumia kwenye mchoro. Utaona vilele vya mrija wenyewe (metali ya rodi, Rh, 20.2 keV au fedha 22.2, kutegemea mashine), agoni ya hewani karibu na 2.96, na mara nyingi chuma, nikeli, shaba au zinki kidogo zinazotoka kwenye vyuma vya ndani ya mashine. Vilele hivyo ni vya mashine, na kwenye mchoro visipokuwa virefu kuliko hapa, vihesabu kama havipo. Baada ya hapo pima sampuli zako zote na uhifadhi spektra zake.

5. Chagua pointi. Doa la eksirei huwa na upana wa milimita 8 hivi. Mashine nyingi zina kibanio cha kulipunguza hadi 3. Tafuta sehemu yenye rangi moja iliyo pana kuliko doa. Kwa kila rangi chukua pointi tatu, zilizo mbalimbali. Ongeza pointi moja ya praima iliyo wazi, mara nyingi pembezoni mwa fremu ya ndani ambako rangi haikufika, na moja ya kanvasi tupu ikiwezekana. Pointi hizi mbili ndizo wanaoanza huzisahau, na bila ya praima hutaweza kutenganisha kilicho juu na kilicho chini. Epuka misumari, pini na makufuli ya fremu. Kila pointi iwe na namba, vipimo kutoka kushoto na kutoka chini, na picha.

6. Pima mara mbili kila pointi. Pua ya mashine ikae milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye rangi, bila kugusa. Rangi iliyonyanyuka au inayobanduka usiisogelee kabisa.

Kipimo cha kwanza: kV 45 hadi 50, sekunde 60 hadi 120, kwa ajili ya elementi nzito. Kipimo cha pili: kV 15, bila kichujio, sekunde 120, kwa ajili ya nyepesi kama salfa, potasiamu, kalsiamu na titani. Rekebisha mkondo (mikroampia) mpaka detekta iwe haizidiwi. Ikiwa mashine inaonyesha sehemu ya muda inayopotea, ibaki chini ya asilimia 30. Ukishachagua mpangilio, usiubadilishe mpaka mchoro uishe. Ukigusa chochote katikati, spektra za asubuhi na za mchana hazilinganishiki tena.

7. Soma spektra kwa macho yako, kilele kwa kilele. Programu ya mashine hubandika majina yenyewe, na hukosea. Kanuni ni hii: hakuna elementi inayokubaliwa kwa kilele kimoja. Kila elementi ije na ndugu zake. Risasi (Pb) ije na 10.55 na 12.61, vikikaribiana kwa urefu, na kidogo kwenye 14.76. Zebaki ije na 9.99 na 11.82.

Mitego ifuatayo ndiyo inayowanasa wengi:

*Arseniki na risasi.* Arseniki (As) iko 10.54, risasi 10.55. Detekta yako haiwezi kuvitenganisha. Ukiona kilele hapo na 12.61 pako tupu, ni arseniki. Ukiviona vyote viwili, lete spektra ya sampuli yako ya nyeupe ya risasi uilinganishe: cha 10.5 kikizidi uwiano wa kawaida na kukawa na kilele kidogo 11.73, huenda arseniki imo. Lakini zebaki ikiwepo, 11.82 yake inafunika 11.73, na hapo kubali kwamba hujui.

*Titani na bariamu.* Titani (Ti) 4.51, bariamu (Ba) 4.47. Tazama mkia. Titani ina ndugu mdogo mmoja kwenye 4.93. Bariamu inakuja na ukoo mzima: 4.83 kilicho kirefu, 5.16, na 5.53. Hakikisha kwa kipimo cha kV 50: bariamu itatoa kilele kwenye 32.2, titani haina chochote huko.

*Kobalti na chuma.* Kobalti (Co) 6.93, ndugu wa chuma yuko 7.06. Chuma pekee hutoa kilele cha 7.06 ambacho ni kama sehemu moja ya saba ya kile cha 6.40. Kikiwa kirefu zaidi, tafuta kobalti, na uithibitishe kwenye 7.65.

*Kromi na manganisi.* Ndugu wa kromi (Cr) yuko 5.95, manganisi (Mn) 5.90. Pima kwanza kromi kwenye 5.41 kabla ya kutaja manganisi.

*Salfa.* Iko 2.31, na risasi ina kilele 2.34. Palipo na risasi, usitaje salfa.

*Vilele hewa.* Detekta ya silikoni huzaa kivuli kidogo 1.74 keV chini ya kilele kirefu: shaba nyingi huweka kivuli kwenye 6.31, kikaonekana kama chuma. Na mapigo mawili yakiingia pamoja hujumlishwa: kalsiamu mara mbili ni 7.38, ikafanana na nikeli. Shaka yoyote ya jumla hii, punguza mkondo upime tena; kilele hewa cha aina hiyo kitashuka haraka kuliko vingine.

8. Tenganisha juu na chini. Eksirei za nishati kubwa hutoka hata kwenye tabaka la chini. Za nishati ndogo humezwa njiani. Risasi inakupa zote mbili: 10.55 na 2.34. Ukiona 10.55 ndefu na 2.34 karibu haipo, risasi iko chini, pengine kwenye praima. Ukiziona zote mbili wazi, risasi iko juu. Linganisha na pointi yako ya praima iliyo wazi. Vanishi nene nayo humeza 2.34, kwa hiyo linganisha sehemu zenye vanishi inayofanana.

Kwa mfano, una anga ya mchoro wa karne ya 17, kijivu iliyofifia kama maji ya kunawia. Spektra ina risasi kubwa, potasiamu, kobalti kidogo, nikeli. Buluu huioni kwa macho, lakini kobalti iko pale: hiyo ni smalti, kioo cha kobalti kilichosagwa, ambacho potasiamu yake hutoka taratibu na buluu ikafa. Mchoraji alipaka anga ya samawati. Ndiyo maana kobalti itafutwe hata kwenye kijivu, si kwenye buluu tu.

9. Toka kwenye elementi kwenda kwenye pigmenti na tarehe. Tarehe zenye nguvu ni zile za mwanzo, yaani siku ambayo pigmenti haikuwepo bado:

- Fe kwenye buluu kali, bila Co wala Cu: huenda ni buluu ya Prusia, iliyozaliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18.
- Co bila arseniki wala potasiamu: buluu ya kobalti ya mkemia Thénard, 1802.
- Pb na Cr kwenye njano: njano ya kromi. Kromi yenyewe Vauquelin aliigundua 1797.
- Cu na As kwenye kijani kikali: kijani cha Scheele (1775) au kijani cha zumaridi (1814).
- Zn nyeupe: rangi ya maji 1834, kwenye mafuta ni katikati ya karne ya 19.
- Cd: kadimiamu iligunduliwa 1817, rangi zake zikaingia madukani miongo iliyofuata. Cd na Se (seleni) kwenye nyekundu ni karne ya 20.
- Zn na Ba pamoja: nyeupe ya litoponi, miaka ya 1870 na kuendelea.
- Ti nyeupe: kuanzia 1916 hadi 1921 hivi. Za mwanzo nyingi zilichanganywa na bariamu.
- Pb na Sn kwenye njano: njano ya risasi na bati, ilitumika hadi karibu 1750, ikasahaulika mpaka Richard Jakobi alipoitambua upya 1941. Hii ni ushahidi mzuri upande wa pili: mghushi wa karne ya 19 hakuijua.

Mfano unaojulikana ni mchoro mwekundu wenye farasi uliodaiwa kuwa wa mchoraji Mjerumani Heinrich Campendonk, wa 1914, ukauzwa Cologne 2006 kwa zaidi ya euro milioni 2.8. Maabara ilikuta nyeupe ya titani. Wolfgang Beltracchi, aliyeughushi, alieleza kwamba alitumia tyubu ya nyeupe ya zinki ambayo haikuandikwa kuwa ina titani. Alihukumiwa 2011. Kwa hiyo palipo na zinki kwenye nyeupe, tafuta na titani pia, hata kama programu haijaitaja.

Sasa tahadhari. Titani kidogo ni ya asili ndani ya udongo mwekundu, wa njano na kahawia. Titani kwenye kahawia yenye chuma haina habari yoyote. Itafute kwenye nyeupe, nje ya viraka. Kobalti kidogo inayojirudia kwenye kila rangi ya mchoro wa karne ya 20 ni kikaushio cha mafuta. Na kwenye Tingatinga za mwanzo, zilizochorwa kuanzia 1968 juu ya hadibodi kwa rangi za kung'aa za baiskeli, titani haitenganishi halisi na bandia, maana ilikuwa kwenye makopo tangu siku ya kwanza.

10. Sasa uliza ilikotoka. Hapa penda kusema kidogo. Smalti ni moja ya chache zinazosaidia: kobalti ya machimbo ya Erzgebirge huko Saxony huja na nikeli, arseniki na bismuthi. Tatizo ni kwamba arseniki imefunikwa na risasi, na bismuthi (10.84) imekaa begani mwa kilele hichohicho. Juu ya praima ya risasi, nikeli ndiyo pekee utakayoisimamia. Kwenye udongo, uwiano wa manganisi na chuma hutenganisha kahawia ya umbra (udongo wenye manganisi) na okra (udongo wa njano) ya kawaida, na pointi za mchoro mmoja zikikubaliana unaweza kusema zilitoka kwenye fungu moja la rangi. Hilo tayari ni jambo kubwa.

Nyekundu ya zebaki ya Almadén (Hispania), ya Idrija (Slovenia) na ya China zote ni Hg na S (salfa). XRF haizitofautishi. Buluu ya ultramarini ya mawe ya Badakhshan (Afghanistan) na ile ya kiwandani ya baada ya 1828 zote ni sodiamu, alumini, silikoni na salfa, ambazo mashine hii haizioni vizuri. Mchanga mzito wa Kwale ulichimbwa toka 2013 hadi mwisho wa 2024, ukasafirishwa nje kwa ajili, pamoja na mengine, ya nyeupe ya titani. Ukifungua kopo la rangi leo, hakuna kilele kitakachokuambia kama nyeupe ile ilianzia pwani ya Kenya. Inahuzunisha, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa nyeupe ya risasi njia ipo: uwiano wa isotopu za risasi, yaani atomu zake zinazotofautiana uzito (204, 206, 207 na 208), hutofautiana kati ya machimbo. Hupimwa kwa chembe ndogo iliyochukuliwa na mhifadhi, kwenye maabara yenye mashine ya kupima uzito wa isotopu. XRF yako inasaidia kumwonyesha achukue wapi, sehemu ambayo risasi iko juu na si kiraka.

11. Andika ripoti. Kwa kila pointi: namba, mahali, kV, mkondo, kichujio, sekunde, elementi kuu, ndogo na za shaka. Tenga safu tatu: kilichopimwa, kilichohitimishwa, kisichoamuliwa. Hifadhi faili za spektra zenyewe, si picha za skrini, ili mwingine aweze kuzisoma upya.

Mambo yakikwama

*Risasi inaonekana kila mahali.* Ni praima, au fundi aliyebandika kanvasi mpya nyuma alitumia gundi yenye nyeupe ya risasi. Rudi hatua ya 8, halafu toa risasi ya praima kwenye hesabu zako.

*Buluu haina elementi yoyote ya kueleweka.* Hakuna Co, Cu wala Fe: fikiria ultramarini au buluu ya mimea kama nili. Zote zinahitaji Raman, kipimo kingine kinachotumia leza.

*Nyekundu haina Hg, Fe, Pb wala Cd.* Huenda ni ya wadudu, mizizi au ya kisasa ya kikaboni. Mashine haioni kaboni. Ndiyo maana haioni pia vanishi, hata ile ya sandarusi ya pwani yetu iliyouzwa Marekani na Ulaya karne ya 19.

*Vilele vyote ni vifupi.* Mashine iko mbali. Milimita 5 badala ya 2 hupunguza hesabu sana, na nyepesi ndizo hupotea kwanza. Sogeza, au ongeza muda hadi sekunde 180.

*Pointi tatu za rangi moja hazikubaliani.* Kwanza angalia picha ya UV: mojawapo iko kwenye kiraka? Kama sivyo, doa linagusa rangi jirani. Tumia kibanio cha milimita 3. Zikiendelea kutofautiana, huenda kuna mchoro mwingine chini. Mwaka 2008 watafiti walipima "Patch of Grass" ya Van Gogh kwa eksirei za sinkrotroni (mashine kubwa ya kuharakisha chembe) kule Hamburg, na zebaki na antimoni zikaonyesha kichwa cha mwanamke kilichofunikwa na majani. Kwa mashine ya mkononi huwezi kuchora sura hiyo, lakini gridi ya pointi kila sentimita 2 inaweza kukuonyesha kwamba kitu kipo.

*Vilele vyote vimesogea upande mmoja.* Mashine imepata joto au baridi. Iache iwake dakika 20, pima sampuli ya chuma au shaba, hakikisha 6.40 au 8.05 iko mahali pake, kisha rudia pointi zote ulizopima tangu ukaguzi wa mwisho uliokuwa sawa.